Mwungwana wa Gazi na Jina la Nne

Makala haya yalianza kwa swali dogo la tafsiri. Katika semina ya fasihi linganishi, mhadhiri wetu alitutaka tueleze kwa Kiswahili maisha ya Sir Thomas Malory, Mwingereza wa karne ya 15 aliyeandika visa vya Mfalme Arthur na mashujaa wake. Wataalamu wengi humtambua kuwa ni yule Malory wa Newbold Revel, katika jimbo la Warwickshire: askari wa tabaka la juu, mwenye ardhi na cheo, ambaye pia alishtakiwa kwa uvamizi na wizi na kukaa gerezani miaka mingi. Alikamilisha kitabu chake kati ya 1469 na 1470, akafariki 1471. William Caxton alikichapisha 1485.

Tatizo lilikuwa cheo chake. Tukiiteje kwa Kiswahili hadhi ile ya mtu aliyepanda farasi, akavaa deraya na kujivunia ukoo wake? Mwenzetu mmoja alipendekeza “shujaa”. Mwingine akasema “mpanda farasi”, tukacheka, kwa kuwa hata mwendesha mikokoteni angeweza kuitwa hivyo. Mimi nikasema “mwungwana”. Neno lilikubaliwa bila pingamizi. Nikaongeza, kwa majivuno kidogo, kwamba sisi watu wa Kwale tunaye mwungwana wetu wa namna hiyo, naye ni Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Mhadhiri akaniambia, “Basi tuandikie.” Hivyo ndivyo nilivyopata mada ya tasnifu yangu, na ndivyo nilivyojiingiza katika jambo ambalo sikulitarajia.

Gazi ni kijiji cha bahari kilichoko kati ya Diani na Msambweni. Anayesafiri kwa matatu kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga hulipita njiapanda lake pasi na kugeuza shingo. Leo jina lake hutajwa zaidi kwa mikoko, ambayo wenyeji huilinda chini ya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013. Lakini katika karne ya 19 Gazi palikuwa makao ya tawi moja la Wamazrui, na Mbaruk ndiye aliyekuwa mkuu wao.

Nasaba yake haina haja ya kutafutwa. Yeye ni Mbaruk bin Rashid bin Salim bin Ahmad bin Muhammad bin Uthman. Majina manne yanayofuata lake, yaani Rashid, Salim, Ahmad na Muhammad, yote ni majina ya watu waliotawala Mombasa. Muhammad bin Uthman alikataa kuutambua utawala mpya wa Mabusaidi kule Omani, akauawa mnamo 1746. Vitukuu wake waliendelea kuishika Mombasa hadi 1837, Sayyid Said alipoutwaa mji. Rashid bin Salim, mtawala wa mwisho, alikamatwa pamoja na wakuu wenzake, wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena. Waliosalia walitawanyika: baadhi wakaenda Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini. Mbaruk, mwana wa Rashid, alikua akijua kwamba Ngome ya Yesu ilikuwa nyumba ya baba yake, na kwamba sasa ilikaliwa na watu wengine.

Maisha yake yote yaliyofuata ni jaribio refu la kuidai heshima ile. Aliasi zaidi ya mara moja dhidi ya masultani wa Zanzibar. Alijijengea boma huko Mwele, katika eneo la vilima vya Shimba, ambako alikimbilia kila alipozidiwa pwani. Mnamo 1882 jeshi la Sultan Barghash, likiongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews, liliuteka Mwele, lakini Mbaruk akasalimika na baadaye akarudi Gazi.

Kisa chake cha mwisho kilianza kwa mgogoro wa urithi ambao si wake. Mnamo Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Wamazrui wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala pwani ilimpa nafasi Rashid, mwana wa marehemu, na kumwacha mdai mwingine ambaye naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Huyo alishika silaha, akashindwa, akakimbilia kusini kwa jamaa zake. Mbaruk wa Gazi, ambaye wakati huo alikuwa mzee, alikuwa na njia mbili: kumtoa ndugu aliyemkimbilia, au kupigana na dola. Hakumtoa.

Mnamo Agosti 1895 Admirali Harry Rawson aliuvamia na kuuteka Mwele. Ni Rawson huyo huyo aliyeipiga Zanzibar kwa mizinga Agosti 1896 na kuongoza uvamizi wa Benin mnamo 1897. Hata hivyo, vita vya msituni viliendelea, hata Waingereza wakalazimika kuleta wanajeshi kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake na kujisalimisha kwa Wajerumani, ambao gavana wao alikuwa Hermann von Wissmann. Hakurudi tena Gazi. Alifia Dar es Salaam mnamo 1910.

Nilipofika hapo katika utafiti wangu nilikuwa nimekwisha kumpenda. Nilikuwa nimeusoma Utenzi wa Al-Akida, uliotungwa na Abdallah bin Masud al-Mazrui wa Takaungu na kuchapishwa na Mbarak Ali Hinawy mnamo 1950. Utenzi huo unahusu mkasa wa Muhammad bin Abdallah, akida wa Ngome ya Yesu, uhasama wake na Mbaruk, na manowari za Kiingereza zilizoipiga ngome hiyo Januari 1875. Niliona kwamba nina kila kitu: shujaa, ukoo wake, na mtunzi wa damu yake mwenyewe. Kilichobaki ni mapokeo simulizi. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani Msambweni kumhoji bibi yangu mzaa mama.

Nilimkuta uani akishona makuti.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko chuoni hawali?”

Baada ya chai nilimuuliza anajua nini kuhusu Mbaruk wa Gazi. Mikono yake haikusimama. “Huyo ndiye sababu ya sisi kuwa hapa,” akasema.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilidhani tulikuwa miongoni mwa wapiganaji wake. Nikauliza, “Kwa hiyo watu wetu walimfuata vitani?”

“Anayefuata huenda kwa miguu yake na kwa hiari yake. Mama wa nne hakufuata. Aliletwa.”

Kisha akanihesabia. Yeye mwenyewe, mama yake, mama wa mama yake. Hapo akasimama. Wa nne, alisema, aliletwa Gazi angali mtoto, akawa wa nyumba ya bwana mmoja wa pale. Wengine katika familia husema alitoka Nyasa na kwamba alipandishwa kwa miguu kutoka kusini, kama walivyopandishwa wengi baada ya mkataba wa 1873 kuifunga biashara ya watumwa baharini. Wengine husema aliuzwa na watu wake hapa hapa karibu, mwaka wa njaa kuu ya 1884. Bibi alijua jina lake, lakini alisema ni jina alilopewa na bwana, na kwamba alilopewa na mama yake hakuna alijuaye. Vita vilipofika na watu wa Mbaruk wakaukimbia mji, yeye alibaki na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye jina la tatu.

Nilinyamaza. Sisi hujiita Wadigo, nami sijawahi kuwa na shaka na hilo. Lakini Wadigo wa kale walirithiana kwa upande wa mama, na aliyeletwa hakuwa na mama wala mjomba wa kumtaja. Nikaelewa ghafla kwa nini bibi hakupenda kuulizwa mambo ya koo katika arusi.

“Na huyo Mbaruk umemwandikaje?” akaniuliza.

Nikamweleza habari za semina na neno nililolitoa.

“Mwungwana,” akalirudia polepole. “Na ukishasema huyu ni mwungwana, yule aliyembebea mzigo umemwitaje?”

Wasomi wenzangu, sote tunalijua jibu. Mwungwana katika Kiswahili si mtu mwenye adabu njema tu. Kwa asili ni mtu huru, aliyezaliwa huru, na neno hilo lilipata uzito wake kwa kusimama mkabala na neno mtumwa. Nilikuwa nimelitoa darasani kama pambo, nisiuone upande wake wa pili, ilhali upande huo ndio nilikotoka mimi.

Mjomba wangu alipopata habari kwamba ninataka kuyaandika haya alikasirika. “Unataka watu wajue nini?” aliniuliza. “Una dada zako hawajaolewa. Hayo yamekwisha.” Siwezi kusema kwamba alikosea kabisa. Pwani yetu bado ina masikio makali katika mambo ya asili ya mtu, na posa zimewahi kuvunjika kwa mnong’ono tu. Mimi nitarudi chuoni, lakini wao ndio watakaobaki na majirani.

Kwa wiki kadhaa sikuandika chochote. Nilijaribu kumchukia Mbaruk, nikashindwa. Mzee aliyekataa kumtoa ndugu yake alitenda jambo ambalo watu wetu bado wangelisifu. Wala waliompiga hawakuja kumkomboa mama wa nne: Waingereza waliutangaza utawala wao mnamo 1895, lakini hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa pwani ya Kenya hadi 1907. Kwa muda wa miaka 12 bendera mpya ilipepea juu ya watumwa wale wale. Lakini nilishindwa pia kumsifu kama nilivyomsifu awali. Wengi wa waliompigania na kumlimia hawakuwa na nafasi ya kuchagua, na heshima aliyoilinda ililishwa kwa jasho lao. Wahenga walisema wapigánapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo tumeichambua mara nyingi darasani, lakini mimi sikuwahi kujiuliza nyasi hizo zilikuwa akina nani.

Hivyo basi nimebadilisha pendekezo langu la utafiti. Bado nitausoma Utenzi wa Al-Akida na tenzi nyingine za vita vya pwani, lakini kwa swali jingine: nani hutajwa kwa jina na nasaba, nani hutajwa kwa kundi tu, na nani hatajwi kabisa. Sidhani kwamba mtunzi alikuwa na hila. Aliandika ukoo wake kama Waingereza walivyoandika koo za akina Malory. Ni sisi tunaosoma ambao tumezoea kuishia pale kalamu yake ilipoishia.

Kabla sijarudi chuoni nilimwendea bibi kuomba idhini. Mjomba alikuwapo. Bibi alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, “Andika. Lakini jina lile usiliandike. Si lake.” Mjomba hakuongeza neno.

Kwa hiyo ukurasa wa tabaruku wa tasnifu yangu, ambao kwa kawaida hujazwa majina, utakuwa na majina matatu ya wanawake na baada yake nafasi tupu. Ikiwa mtahini ataniuliza kama ni kosa la uchapaji, nitakuwa na jibu. Na juu ya tafsiri ya cheo cha Malory, nililiomba darasa liniruhusu nilitoe upya neno langu. Mhadhiri aliona libaki, mradi tuandike chini yake maana zake zote mbili. Tuliandika.