Vere za rangi ya fedha kule Vuhovi



Jumamosi iliyopita nilipanda pikipiki hapa Butembo kwenda Vuhovi, makao makuu ya Bashu. Barabara ni ya udongo, inapanda mlima na kushuka mlima. Usiku mvua ilinyesha, kwa hiyo mara mbili nilishuka nikatembea kwa miguu, viatu mkononi. Ukungu ulipoondoka nikaona migomba, kahawa na mashamba ya maharagi hadi chini bondeni. Ukifika pale umechoka, lakini macho yameshiba.

Kikundi cha wamama kilikuwa kimeniita. Wanapamba meza za harusi na za komunyo ya kwanza, na kukodi mapambo mjini kunakula faida yao yote. Walikuwa wamekusanya vere za kawaida na vikopo vya kioo vya mayonezi. Walitaka vionekane kama vyombo vya fedha vya zamani, vile wanavyoviona katika picha za simu.

Kabla sijaanza, mama mmoja, mtoto mgongoni, akafungua kitambaa akatoa kichupa kidogo. Ndani kulikuwa na zebaki. Ndugu yake anaitumia kukamata dhahabu machimboni. Akaniuliza: «Mwalimu, si hii ndiyo inafanya kioo king'ae?»

Moyo wangu uliruka. Nilimwomba asikifungue, akiweke nje, mbali na watoto.

Swali lake halikuwa la ujinga. Zamani Ulaya vioo vya kujitazamia vilipakwa bati na zebaki kweli, na mafundi wengi waliugua. Mwaka 1835 Mjerumani Justus von Liebig alionyesha namna ya kupaka fedha yenyewe juu ya kioo. Hata vyombo vile vya zamani vinavyoitwa vya zebaki, vingi vilipakwa fedha. Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, na mvuke huo hauonekani wala haunuki. Unaharibu ubongo na figo, na kwa mama mwenye mimba unamfikia mtoto tumboni. Ukiichoma ni mbaya zaidi. Kama iko nyumbani kwako, ifunge vizuri, iwe nje ya nyumba, usiimwage chooni wala mtoni, kisha kaulize kwenye kituo cha afya.

Sisi tulitumia rangi ya aluminiyumu, ile inayopakwa kwenye milango ya chuma. Tulifanya hivi:

Osha vere kwa sabuni, ikauke kabisa. Kaa nje, penye upepo, mbali na mbabula, kwa sababu rangi na petroli ya kuipunguza hushika moto upesi. Vaa glavu. Changanya maji na siki, yaani vinegre, nusu kwa nusu, unyunyize matone madogo ndani ya vere. Chovya kipande cha sponji ya godoro katika rangi kidogo, ugongegonge ndani polepole, usisugue. Rangi ya mafuta haipatani na maji: penye tone haishiki, na hapo panabaki alama kama za uzee. Ngoja dakika chache, kisha futa hapa na pale kwa kitambaa chenye siki. Ikikauka, rudia mara ya pili. Mwisho gusa na rangi nyeusi kidogo sana, ndani vilevile. Kwa nje kioo kinabaki laini.

Acha siku mbili au tatu ikauke vizuri.

Nilikosea zamani, nawaambia ili msirudie. Kwa sikukuu moja nilitia maji na maua moja kwa moja ndani ya vere niliyoipaka. Kabla ya chakula rangi ilibambuka, ikaelea kama maganda ya samaki. Maua yawekwe katika kikopo kidogo, kikopo ndicho kiingie ndani. Mshumaa usiwashwe humo. Na vere iliyopakwa haitumiki tena kunywea, hata ikioshwa. Zifungeni utepe mwekundu chini ili mgeni asikosee.

Saa tisa vere zilikuwa zimepangwa ukutani juani. Wamama walicheka: «Nani atajua kama ni mayonezi?» Yule mwenye mtoto hakucheka sana. Aliniambia ndugu yake anachomea dhahabu jikoni kwao, kwenye mbabula ileile ya ugali. Tulikaa naye hadi pikipiki iliponifuata. Aliahidi kuongea naye jioni ile, na mama mkubwa wa kikundi akasema atamsindikiza, asiende peke yake.

Wamama, kama kwenu kuna mchimba dhahabu, ulizeni anachomea wapi. Muulize leo.