Siku Nilipoacha Kujibu "Nzuri Tu"

Mimi ni mtoto wa Tanga, wa Ngamiani. Nilifika Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na baada ya mwaka mmoja na ushei nikala kiapo cha jeshi la nchi kavu la huko. Nilikuwa fundi wa magari. Mwaka 2011 nilipelekwa Kandahar, Afghanistan, nikakaa miezi kumi na miwili nikilala chali chini ya malori ya deraya, nikiinua vyuma ambavyo kwenye gereji ya kwetu vingeitiwa watu watatu. Taka za kambi zilichomwa kwenye mashimo ya wazi: plastiki, matairi, mabaki ya chakula, vyote pamoja, na upepo ukigeuka moshi ulikuja kulala nasi. Nilikwenda kwa hiari yangu, nikapewa uraia, wala sijajuta. Ninachokuja kukishuhudia ni yaliyonipata baada ya kuvua magwanda.

Dai langu la kwanza la fidia ya ulemavu nililifungua mwaka 2014. Niliamini karatasi zitanisemea. Baada ya miezi michache nikaitwa kwenye uchunguzi wa kitabibu. Yule mchunguzi hakuwa daktari wangu wala hakuitwa kunitibu. Kazi yake ilikuwa kupima, kuuliza na kujaza fomu ambayo mtu mwingine, asiyeniona kamwe, angeisoma na kuamua. Hilo sikulijua. Akaniuliza hali yangu. Nikamjibu kwa adabu niliyolelewa nayo: nzuri tu, nashukuru.

Kwetu hata mfiwa akiulizwa habari hujibu nzuri kwanza, maiti angali ndani. Kila mtu anajua kwamba hiyo ni bismillahi tu ya mazungumzo, kwamba habari yenyewe inakuja nyuma yake. Lakini fomu haijui. Nzuri iliandikwa nzuri.

Kisha akashika kipimo cha pembe, akaniambia niiname. Mgongo mzima huinama nyuzi 90. Mimi maumivu yalinikamata kwenye nyuzi kama 50, nikauma meno, nikashuka hadi 80, kwa sababu jeshini anayesimama katikati huonekana ameshindwa. Hakuna aliyenilazimisha. Aliandika alichokiona, nami nilikuwa nimemficha kisichoonekana. Goti nilisema linauma kidogo. Usingizi sikuutaja kabisa. Uamuzi ukaja: mgongo asilimia 10, kuvuma kwa masikio asilimia 10, goti hapana, kwa kuwa kule Kandahar sikuwahi kwenda zahanati hata siku moja kulilalamikia.

Nilikuwa na mwaka mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya. Nikaiweka barua kabatini nikajiambia wapo walioumia zaidi, waliorudi bila miguu. Maneno hayo nimeyasikia kwa askari wengi mno. Kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi, ilhali sheria haijaweka foleni ya namna hiyo: fidia ya mmoja haipunguzwi kwa sababu mwingine ameumia zaidi.

Miaka minane ikapita hivyo. Kilichonitoa ndani ni kifua. Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria iitwayo PACT, inayosema kwamba kwa tuliotumikia nchi kama Afghanistan, magonjwa fulani, ikiwemo pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, yahesabiwe yametokana na kazi bila kumdai askari athibitishe ni moshi upi uliomdhuru. Nilikuwa navuta dawa ya pumu kila siku. Mke wangu akasema, "Baba Salma, kesho unakwenda, au nakwenda mimi."

Nilikwenda kwa mzee mmoja, askari wa vita vya Vietnam, anayesaidia wenzake kuandaa madai bila malipo. (Nalisema hili kwa nguvu: sheria hairuhusu mtu kukutoza ada kwa kukuandalia dai la kwanza. Anayekuomba sehemu ya fidia yako ili akujazie fomu, mkimbie.) Kabla hata sijaketi vizuri alituma taarifa ya kusudio la kudai, maana kwa kawaida malipo huhesabiwa tangu siku hiyo, na unapata mwaka mzima wa kukusanya ushahidi. Miaka yangu minane ya kabatini haikurudi.

Akanieleza mambo matatu yanayotakiwa: uwe na ugonjwa leo, pawepo tukio jeshini, na daktari aseme kwa sababu za kitaalamu kwamba kimoja kimetokana na kingine. Daktari hahitaji kuapa kwamba ana hakika. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, askari ndiye anayepewa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Siku mbaya inakuwaje?" Nikanyamaza. Naye akanyamaza, akaningoja. Ndipo nikamweleza asubuhi ambazo mwanangu Salma, akiwa na miaka sita, ndiye aliyenivalisha soksi.

Akataka maelezo ya maandishi ya mtu anayeishi nami. Mke wangu aliandika kwa Kiswahili, kurasa mbili za daftari, nami nikalazimika kuyafasiri kwa Kiingereza ili naye ayatie saini. Nilikaa jikoni usiku huo na kamusi niliyokuwa siihitaji. Aliandika kwamba amezoea kuniamsha kwa kunigusa kidole cha mguu kisha kurudi nyuma hatua mbili. Kwamba sikai mkahawani bila kuuona mlango. Kwamba tangu nirudi hajanisikia nikiimba bafuni, na zamani niliimba mpaka majirani wakagonga ukuta. Sikujua kama anakumbuka. Sentensi ya bafuni niliifasiri mara nne.

Uchunguzi wa pili ulikuwa wa siku mbili, wa mwili na wa akili. Nilipoambiwa niiname nikasimama pale maumivu yalipoanza, nikasema, "Hapa." Sikuongeza kitu. Sichochei mtu aigize. Uongo ni kosa, na unawachafulia wote wanaokuja nyuma. Kwa mtaalamu wa akili nilisema kweli ileile, polepole, na mikono ikatetemeka mbele ya mtu nisiyemjua. Nilitoka nikaketi garini zaidi ya saa nzima kabla ya kuweza kuendesha.

Majibu: akili 50, pumu 30, mgongo 20, goti 10, masikio 10. Kwa hesabu ya shuleni ni 120, lakini hesabu ya fidia ni nyingine. Asilimia 50 inakuacha na nusu ya uzima. 30 inakatwa kwenye nusu hiyo iliyobaki, si kwenye mzima, ndipo unafika 65. Na kuendelea hivyo, hadi mimi nikafika 78, ikasogezwa kuwa 80. Wengi hudhani wamepunjwa hapo.

Fedha zile zimenilipia kodi ya nyumba na ada ya Salma, na dawa sinunui. Nashukuru kwa dhati.

Jumapili iliyofuata majibu hayo nilimpigia mama, Tanga.

"Hujambo, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Sijambo, ila mgongo unaniuma. Na usiku silali."

Nilisikia redio nyuma yake ikizimwa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka 2011."

Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema anavuta kiti, nianze mwanzo.