Nilidhani Tenda Ina Wenyewe

Nina karakana ya samani Mwanjelwa, Mbeya. Kwa muda mrefu mtu akiniuliza kwa nini siombi tenda za serikali, wakati meza na viti natengeneza kila siku, nilikuwa na jibu moja: zile zina wenyewe. Sikulitunga mimi, ndilo jibu la kijiwe kizima. Enzi hizo tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi au likatoka gazetini, nyaraka za zabuni unazilipia, bahasha unaipeleka kwa mkono, na ukishaidumbukiza hujui tena kinachoendelea mpaka usikie lori kutoka mji mwingine limeshashusha samani shuleni. Mtu akikuambia pale pana mjomba wa fulani, utambishia kwa ushahidi gani?

Mwaka 2023 serikali ilianza kuhamishia ununuzi wake kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliochukua nafasi ya ule wa TANePS, na mwaka huohuo ikapatikana Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma. Mimi habari hizo nilizisikia redioni zikanipita. Binti wa jirani, aliyekuwa akisomea ugavi chuoni, ndiye aliyekuja karakana kuchukua stuli ya mama yake akanikuta nalalamika kama kawaida yangu. Akatoa simu. "Mama, hebu angalia kwanza, halafu ndiyo ulalamike." Akanifungulia orodha ya zabuni zilizotangazwa humo NeST. Meza za wanafunzi, vitanda vya bweni, makabati ya zahanati. Nikajikuta nasoma kazi ambazo vijana wangu wangeweza kuzianza asubuhi yake.

Usajili kwenye mfumo huo sitauremba, unachosha. TIN, leseni ya biashara, jina lililosajiliwa BRELA, hati ya TRA kuonyesha kwamba hudaiwi kodi. Jina la kwenye TIN likitofautiana na la BRELA hata kwa herufi, utazungushwa. Nilizungushwa, nikarekebisha, yakaisha.

Pana jambo ambalo mafundi wengi wanalijua nusunusu. Sheria inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya bajeti yao ya ununuzi ya mwaka kwa ajili ya makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Watu huichanganya na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ni mkopo. Hii ya 30 ni kazi, na ukiiharibu unarudishiwa mzigo wako. Wala huingii humo kwa kuwa mwanamke tu. Mnaingia kama kikundi kilichosajiliwa, na kwetu safari ilianzia kwa afisa maendeleo ya jamii. Bahati nzuri tulikuwa na kikundi tayari, sisi wa samani pamoja na wanawake wanaoshona makochi, tulichokianzisha kwa ajili ya kukopeshana. Katiba ipo, akaunti ya benki ipo, mihtasari ya vikao ipo. Yule mhasibu wetu mkali tuliyekuwa tukimnung'unikia kila Jumamosi, siku hiyo tulimpenda.

Lakini kilichonibadilisha kikazi ni kusoma nyaraka za zabuni mpaka ukurasa wa mwisho. Sifa za kiufundi za meza ya mwanafunzi zilisema ubao wa juu uwe na unene wa milimita 25 baada ya kupigwa randa. Fedha yote imelala kwenye hayo maneno manne ya mwisho. Mbao ya paina ya inchi moja kutoka Mafinga, ukishaipitisha kwenye mashine juu na chini, haibaki inchi moja. Inabidi ununue nene zaidi, na iwe imekauka, maana mbichi itapinda darasani kabla muhula haujaisha. Mwenzangu mmoja alipiga hesabu kwa bei ya mbao ya inchi moja, akashinda kwa sababu alikuwa chini kuliko wote. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ikaja na futi kamba. Mwalimu mmoja akaipindua meza, akapima ukingo, akampa mwenziwe naye apime. Mzigo ukarudi wote. Tangu hapo mimi bei siandiki kabla sijakata kipande kimoja cha mfano na kukipiga randa.

Zabuni yetu ya kwanza hatukushinda. Mfumo ulipofungua zabuni, sisi tulioomba tuliona bei zilizosomwa. Mshindi alikuwa chini yetu kidogo tu, na kwa kuwa karakana yake naijua, nilielewa alipopatia nafuu: yuko jirani na kiwanda cha kupasua mbao, hana gharama ya kusafirisha mbao. Kwa mara ya kwanza nilishindwa nikijua nimeshindwa na nini. Ningekuwa na shaka, ningeweza kumwandikia afisa masuuli kabla tuzo haijatolewa, na nisiporidhika niende PPAA, mamlaka inayosikiliza rufani za zabuni. Sikuandika. Bei yake ilikuwa ya haki.

Sisemi rushwa imekufa. Mfumo haumzuii mtu kuandika sifa za kiufundi zitakazomfaa rafiki yake peke yake, na nimeziona zabuni za namna hiyo, unazisoma unacheka. Nazipita.

Baadaye tulishinda, na hapo ndipo nilipokutana na lile ambalo kwenye semina husemwa haraka haraka: malipo. Taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilipokea samani zetu, ikasaini kila karatasi, kisha ikakaa kimya kwa miezi. Huku nyuma muuza mbao anapiga simu, na vijana wana kodi za nyumba. Fedha ilipokuja ilikuwa imekatwa kodi ya zuio ya asilimia 2, na hiyo ni halali, ila kama hukuiweka kwenye hesabu zako utajiona umeibiwa. Siku hizi mzigo ukipokelewa sibanduki pale bila hati ya ukaguzi, na ankara pamoja na risiti ya EFD zinafika kwa mhasibu wao upesi. Zaidi sana ikiwa mwaka wa fedha unakaribia kufungwa Juni 30. Deni likivuka tarehe hiyo, unaanza kusikia habari za bajeti mpya.

Kwa hiyo Julai, wengine wakisubiri matangazo, mimi huwa nasoma mipango ya ununuzi ya mwaka ya taasisi za jirani, nijue nani atahitaji samani na robo ipi, nianze kukausha mbao mapema. Mwaka huu ilikuwapo zabuni kubwa ya vitanda vya bweni, nikaiacha. Vijana walinuna. Nikawafungulia daftari: bei ya mbao, gundi, vanishi, lori, na mishahara yao wenyewe kwa miezi ambayo malipo yatakuwa bado njiani, wakati kuna taasisi inayotudai subira mpaka leo. Mmoja akajumlisha kwa simu yake, akanyamaza, akauliza makabati ya zahanati yanafungwa lini. Ijumaa, saa nne asubuhi. Hayo tumeyaomba.