Usiku Uliogoma Kuingia

Msomaji, mwenzio nilisikia tu kwamba kaskazini mwa Norway kuna mawingu yanayong'aa usiku wakati wa kiangazi. Sikuuliza mtu. Nikamwahidi mdogo wangu wa Sinza picha, nikaenda kwa mjomba wangu Tromsø, mwanzoni mwa Julai 2023. Nilipomweleza safari yangu, mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Anko, usiku upi?"

Nikabisha. Tukavuka kwa kivuko kutoka Gryllefjord hadi Andenes, kisiwani Andøya. Saa sita usiku jua limekaa juu ya bahari kama jua la saa kumi na moja jioni pale Coco Beach, ila baridi ilinivalisha makoti mawili. Nikakodoa macho angani. Wapi! Mawingu hayo huonekana kwa macho pale tu giza linapoanza kuingia.

Mjomba akanionyesha kilima cha Ramnan, kama mita 380 hivi. Juu yake kuna kituo cha ALOMAR, kilichoanza kazi 1994. Wataalamu wa taasisi moja ya Kühlungsborn, Ujerumani, wana mashine hapo inayopiga leza ya kijani juu angani. Mwanga ukigonga chembe za barafu za mawingu yale, kilomita kama 83 juu, kiasi kidogo hurudi na kudakwa na darubini mbili zenye vioo vya upana wa mita 1.8. Kwenda na kurudi haimalizi hata elfu moja ya sekunde! Muda huo ndio unaowaambia wingu liko umbali gani.

Shughuli pevu ilikuwa jua. Kudaka mwanga ule mchana ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya Kariakoo. Basi wakaifanya darubini itazame kijisehemu kidogo mno cha anga, na vichujio vipitishe rangi ileile ya leza tu. Nyingine zote nje.

Na kituko kingine: kule juu, kiangazi ndiyo baridi kali kuliko majira yote, zaidi ya nyuzi 120 chini ya sifuri. Hewa hupanda, hutanuka, hupoa. Ndiyo maana barafu inapatikana wakati huku chini watu wanaota jua.

Nilimtumia mdogo wangu picha ya anga la bluu, tupu kabisa.

"Braza, mawingu yako wapi?"

Nikamjibu huenda yamo humohumo pichani. Mpaka leo anadai nimemtapeli.