Kiatu Kimoja cha Buyenzi

Mwezi huu tunawapeleka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ingawa mkasa wenyewe ulianzia hapa hapa kambini, uwanja wa mpira.

Sisi ni babu na bibi wa mtoto wa miaka 12. Katika timu yake ni yeye tu mwenye viatu vya mpira. Tulivinunua sokoni kwa kuuza unga wa posho, tukala pungufu siku kadhaa. Jumamosi moja, kipindi cha pili, kocha akamtoa akamwambia amwazime viatu mwenzake anayeingia. Mtoto akakataa katakata. Akavivua, akavikumbatia, akakaa pembeni. Mwenzake akaingia peku, akakanyaga jiwe, akatoka anachechemea. Watu wote wakatugeukia sisi. Jamani, tuliona aibu!

Kufika nyumbani tukaanza kumgombeza. Yeye akajibu taratibu: "Lakini ninyi ndio mliniambia, kitu chako kishike, kesho huijui."

Tukanyamaza. Kweli tulisema. Mtu aliyekimbia nyumba yake usiku hujifunza kushika kila kitu kwa mikono miwili. Kumbe mtoto alikuwa anacheza vile vile tunavyoishi sisi.

Basi jioni ile tukamtembeza Buyenzi kwa maneno, maana yeye hajawahi kuiona. Tukamwambia habari za barabara zake za namba, nyumba zimebanana, mafundi magari wamelala chini ya magari, na Kiswahili kinasemwa kila kona. Mto Ntahangwa unapita pembeni. Jioni jua linazama nyuma ya milima ya Congo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na harufu ya ndagala wa kukaanga inatoka kila ua.

Mpira wetu ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa kamba za mgomba. Babu, mmoja wetu tunaoandika, alikuwa na mdogo wake, na kwao kulikuwa na jozi moja tu ya viatu. Mdogo mtu alivaa cha kulia, Babu akavaa cha kushoto. Ndivyo walivyocheza, na hakuna aliyewacheka, kwa sababu wengi walikuwa hivyo hivyo.

Tukamsimulia pia habari za Vénuste Niyongabo. Mwaka 1996 Burundi iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta, Marekani, wakati nyumbani kuna vita. Niyongabo alikuwa hodari wa mita 1500. Lakini mkimbiaji mwenzake, Dieudonné Kwizera, alikuwa amekosa Olimpiki zilizotangulia kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1500, yeye akaenda kukimbia mita 5000, mbio ambazo hakuwa na uzoefu mkubwa nazo. Akashinda! Hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Burundi kwenye Olimpiki.

Mtoto akauliza: "Na kama angeshindwa?"

Swali gumu hilo. Tulimjibu kwamba hata angeshindwa, Kwizera angekuwa amekimbia. Hatujui kama alituelewa. Alienda kulala bila kusema neno.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda uwanjani mapema. Kipindi cha pili kocha akamtoa tena. Mtoto akakaa chini, akavua kiatu cha kushoto, akampa mwenzake. Cha kulia akabaki nacho mguuni. Watu walicheka sana. Sisi tulicheka pia, lakini Bibi alikuwa anafuta machozi kwa kanga.

Wazazi wenzetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimbizi umetufundisha kushika, na hatulaumu, ndivyo tulivyopona. Lakini kabla ya ukimbizi tulikuwa na mitaa yetu, na mitaa ile ilitufundisha kugawana. Tusiwarithishe watoto somo moja tu. Wasimulieni na habari za kwenu, mlikotoka.

Kile kiatu cha pili bado tunakisubiri. Hatuna haraka.