Wosia Kwako, Mwanangu wa Kimihurura

Mwanangu,

Mkono wangu siku hizi unachoka upesi, ndiyo maana nakuandikia sasa, wakati bado naweza kuyapanga maneno. Mali ya kukukosesha usingizi sina. Nina jambo moja tu lililonikaa moyoni, nalo ni namna unavyowatazama watu wasio na kitu.

Umekua ukiiona Kimihurura hii ya Bunge, ya mikahawa, na ya kuba la Kigali Convention Centre linalowaka rangi usiku tangu 2016, ukadhani ndivyo ilivyozaliwa. Bondeni hapo palikuwa na Kimicanga, nyumba zilizobanana, mafundi, mama wauza maharage, watoto tele. Iliondolewa, kama Kiyovu ya maskini ilivyoondolewa 2008 watu wakapelekwa Batsinda, na kama Kangondo na Kibiraro, mtaa mliokuwa mkiucheka kwa jina la Bannyahe, ulivyomalizwa 2022 wenyewe wakahamishiwa Busanza. Nimezisikia sababu zote, na nyingine ni za kweli. Lakini wakazi wa Bannyahe walipokwenda mahakamani kudai walipwe fedha badala ya kupewa nyumba wasizozichagua, niliwasikia watu wazima, wasomi, wakicheka: hawa nao wanataka nini tena? Tajiri akidai fidia huitwa mjuzi wa sheria. Wazee walikwisha kusema, maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba.

Mtazame mama wa parachichi anaposimama karibu na geti letu. Beseni haliweki chini. Hulibana ubavuni, mguu mmoja mbele, na macho yake hayatoki barabarani hata anapokuhesabia chenji. Askari wakimkamata, mzigo unakwenda, na yeye huenda akaishia kile kituo cha Gikondo wanachokiita Kwa Kabuga, ambacho Human Rights Watch walieleza 2015 jinsi wachuuzi, ombaomba na watoto wa mtaani wanavyofungiwa humo bila kufikishwa mbele ya hakimu. Na kosa lake ni kuuza parachichi bila kuwa na pesa ya kulipia meza sokoni.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, na serikali nayo siinyimi yake: mpango wa Ubudehe ulipozipanga kaya kwa madaraja ya kipato, wa chini kabisa walilipiwa bima ya afya ya mutuelle, na wapo walio hai leo kwa sababu hiyo. Ila daraja lilitoka kwenye karatasi likaingia vinywani, nikawasikia vijana hapa hapa wakitaniana kwa namba, na aliyetaniwa akacheka nao kwa kukosa la kufanya. Wewe ulikuwepo.

Utateleza, mwanangu, najua. Siku moja utapandisha kioo cha gari mtu akiwa bado anazungumza, au utamtuma mlinzi amfukuze aliyekuja kuomba kazi, na wala sitakupenda pungufu kwa hilo. Nakuomba tu umrudie ungali unaikumbuka sura yake, kwa sababu dharau ikizoeleka huwa tabia, na kuiacha ukubwani ni kazi ya miaka. Tena hujafa hujaumbika: ugonjwa mmoja, kazi moja iliyokatika, mdhamini mmoja aliyekugeuka benki, nawe utakuwa upande wa nje wa geti, ukieleza habari zako kwa mtu anayetazama saa.

Kuna deni ninaliacha. Yule mama wa parachichi amekuwa akinikopesha tangu miguu iliponigomea kufika soko la Kimironko. Daftari hana, hesabu anayo kichwani, na atakayokutajia ndiyo sahihi, usibishane naye. Mwite ndani, mpe kiti, mlipe yote kwa mkupuo mmoja. Kama ataendelea kukukopesha na wewe, hilo mtaelewana wenyewe. Ila nakuonya, ni mkali sana kwa wanaochelewa.

Baba yako.