Mtoto Anayejileta Uwanjani

Kila Jumamosi ya mechi, kuanzia Septemba hadi Novemba, mji wa Iowa City, Marekani, huvaa rangi nyeusi na dhahabu. Uwanja wa Kinnick wa Chuo Kikuu cha Iowa huingiza watu zaidi ya 69,000, idadi inayokaribia wakazi wa mji mzima. Katika mji huohuo, na Coralville iliyo jirani yake, wanaishi Wakongo wengi. Makanisani na kwenye maduka ya unga na samaki wakavu husikika Kiswahili, Kilingala na Kifaransa. Watoto wao wamesoma shule za huko, wameinua vyuma na vijana wa huko, na wamejifunza futiboli ya Kimarekani ambayo baba zao hawajawahi kuigusa.

Ndipo siku moja mezani mtoto anasema anataka kwenda kufanya majaribio kwenye timu ya chuo kikuu. Baba anauliza swali ambalo mzazi yeyote wa Bukavu, Kisumu au Kigoma angeuliza: "Watakulipia masomo?" Mtoto anajibu: "Hapana, baba. Karo tutalipa wenyewe."

Hapo mazungumzo hukwama, na yana sababu ya kukwama. Kwa watu wa Afrika Mashariki, michezo na vyuo vya Marekani vimeambatana na ufadhili kwa zaidi ya nusu karne. Henry Rono alitoka Kenya akaenda Washington State, na mwaka 1978, ndani ya siku 81, akavunja rekodi nne za dunia. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, kisha akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. Hata jimbo la Iowa lenyewe lina mfano wa karibu: mwaka 2019 Mkenya Edwin Kurgat alitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya daraja la kwanza vya Marekani akiikimbilia Iowa State. Mkimbiaji hutafutwa, hutumiwa barua, hulipiwa. Mchezaji wa kujileta hatafutwi na mtu. Anagonga mlango mwenyewe, na karo inabaki mikononi mwa familia yake.

Majaribio yenyewe hayana mbwembwe. Kijana lazima awe mwanafunzi wa muda wote. Lazima awe amesajiliwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kituo chake kinachokagua sifa za wachezaji, na awe na cheti cha daktari. Aliyesoma nje ya Marekani hupeleka matokeo yake ya shule yakiwa na tafsiri iliyothibitishwa kama si ya Kiingereza, kazi ngumu kwa familia iliyokimbia vita na kuacha makaratasi nyuma. Siku ikifika, mara nyingi alfajiri, vijana hupangwa mstari. Hukimbia yadi 40, yaani karibu mita 37, huku makocha wasaidizi wakiwa na saa mkononi. Huruka juu, huchomoka kushoto na kulia kati ya koni, kisha hufanyiwa mazoezi ya nafasi wanazoomba kucheza. Baada ya hapo ni kusubiri ujumbe. Wanaochukuliwa huwa wachache mno, na timu nyingine haichukui hata mmoja. Wapo pia walioitwa na kocha tangu sekondari wakaahidiwa nafasi kikosini bila senti ya ufadhili. Hao huruka hatua ya majaribio lakini bili ya chuo wanaipata sawa na wenzao.

Akichukuliwa, kazi yake ya kwanza ni kuwa mpinzani. Wiki nzima anaigiza mchezaji wa timu itakayokuja Jumamosi, anakimbia mikimbio yake, anaangushwa na nyota wa timu yake mwenyewe, anainuka, anarudia. Sheria za NCAA zinaruhusu saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, na wanaoishi maisha hayo husema saa halisi ni zaidi. Timu inaposafiri, yeye mara nyingi hubaki chuoni. Kitu kimoja kimebadilika kwa manufaa yake: tangu mwaka 2014 vyuo vya daraja la kwanza vinaruhusiwa kumlisha kila mchezaji bila kikomo, awe na ufadhili au hana. Kwa mama anayepiga simu kila jioni kuuliza mtoto amekula nini, hilo si jambo dogo.

Je, mlango huo humfikisha mtu popote? Ndiyo, na majina yapo. J.J. Watt aliacha ufadhili wake Central Michigan, akarudi nyumbani Wisconsin, akapeleka piza kwa wateja, kisha akajileta kwenye timu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 2011 alichaguliwa na Houston Texans wa ligi ya kulipwa, na mara tatu akatajwa kuwa mlinzi bora wa ligi hiyo. Baker Mayfield alijileta Texas Tech mwaka 2013, akahamia Oklahoma na kuanza upya bila ufadhili, akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2017. Stetson Bennett alijileta Georgia na akaiongoza kutwaa ubingwa wa taifa misimu miwili mfululizo, 2021 na 2022.

Lakini mfano unaostahili kutafakariwa zaidi na familia za Kiafrika ni wa Ezekiel Ansah. Alitoka Ghana kwenda kusoma Brigham Young, Utah, mwaka 2008, na hakwenda kwa ajili ya futiboli. Alijaribu mpira wa kikapu, akakataliwa. Akakimbia mbio fupi. Mwaka 2010 akaenda kwa kocha wa futiboli, mchezo ambao hakuwahi kuucheza, na wenzake ikabidi wamsaidie kuvaa pedi za mabega kwa sababu hakujua zinafungwaje. Miaka mitatu baadaye Detroit Lions walimchagua akiwa wa tano katika nchi nzima. Kilichomfikisha pale kilianza na chuo. Angekataliwa na futiboli pia, bado angekuwa na darasa la kwenda kesho yake. Wazazi wanaosimuliwa hadithi ya Ansah mara nyingi husikia mwisho wake tu, na mwanzo ndio wenye faida kwao.

Hesabu ya fedha, nayo, haifanani kwa kila nyumba inayosema Kiswahili. Familia iliyopokelewa Marekani kama wakimbizi inaweza kuomba msaada wa serikali kuu kwa ajili ya masomo. Kiwango cha juu cha ruzuku yake iitwayo Pell katika mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395, na fedha hizo hazirudishwi. Kama familia ni wakazi wa jimbo, karo ya chuo cha jimbo hushuka sana. Kijana wa namna hiyo akijileta kwenye timu, gharama ya ziada ni muda na mwili wake. Ni mzigo, lakini unabebeka.

Kijana aliyetoka Eldoret au Mwanza kwa viza ya mwanafunzi yuko mahali pengine kabisa. Karo yake ni ya mgeni. Msaada wa serikali kuu haupati. Kazi anayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na saa hizo ndizo timu inazozitaka. Viza hiyohiyo inambana hata kwenye mikataba ya matangazo ambayo wenzake wa Marekani wanaweza kutia saini tangu 2021. Na nyuma yake kuna harambee: mjomba aliyeuza ng'ombe, shangazi aliyekopa kwenye chama, mchungaji aliyepitisha bahasha kanisani. Watu hao walichangia shahada. Kijana anayeumia goti kwa ajili ya timu isiyomlipa anadaiwa maelezo na watu walio mbali wasioujua mchezo wenyewe. Wazazi wanaoishi ughaibuni wanasikia pande zote mbili, nyumbani wanakoulizwa mabati ya nyumba ya bibi yamefikia wapi, na nyumbani walipo, ambapo mtoto amepata marafiki, heshima na jezi yenye jina la ukoo mgongoni. Hakuna upande unaokosea.

Tangu 2025 mlango wenyewe umekuwa mwembamba. Zamani vyuo vikubwa viliruhusiwa ufadhili wa wachezaji 85, na juu yao vikaongeza wa kujileta kadiri vilivyotaka. Nebraska ilijenga jina lake la miaka mingi kwa vijana wa mashamba na miji midogo wa aina hiyo. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA. Vyuo vilivyojiunga nayo sasa vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, lakini kikosi cha futiboli kimewekewa ukomo wa watu 105. Wengi waliokatwa walikuwa hawa waliojileta. Jaji alichelewesha idhini mpaka wale waliokuwa tayari kwenye vikosi wakapewa nafasi ya kurudi bila kuhesabiwa, lakini wanaokuja baada yao hawana kinga hiyo. Haki ya nyota kulipwa imecheleweshwa mno na ilistahili kufika. Inauma kwamba sehemu ya gharama yake imebebwa na kijana ambaye hajawahi kulipwa chochote.

Kuna jambo moja ambalo familia zetu zinapaswa kulijua kuliko zote. Ted Agu, mtoto wa wazazi kutoka Nigeria, alijileta kwenye timu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akasoma masomo ya kumwandaa kuwa daktari, akafanikiwa kupata ufadhili. Februari 2014 alianguka kwenye mazoezi ya kukimbia mlimani, akafariki akiwa na miaka 21. Alikuwa anabeba jeni ya selimundu, hali iliyohusishwa na kifo chake. Mwaka 2016 chuo kilikubali kuwajibika na kuilipa familia dola milioni 4.75. Jeni hiyo imeenea Pwani, kandokando ya Ziwa Viktoria na Kongo, kokote malaria ilikotamba kwa vizazi. Mtoto aliyezaliwa Marekani hupimwa siku za kwanza za maisha yake. Aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu au Kakuma huenda hajawahi kupimwa. Anayeibeba anaweza kucheza kwa usalama akiongeza kasi polepole, akinywa maji, akipumzika anapobanwa, mradi yeye na makocha wajue na wasilipuuze. NCAA inadai hali hiyo ithibitishwe, ila kijana anayetaka kuonyesha ukakamavu mbele ya kocha mpya ndiye wa mwisho kusema amechoka.

Kwa hiyo mzazi asianze kwa kukataa, wala asianze kwa kuota ligi ya kulipwa. Ajiulize kama angemlipia mwanawe chuo kile hata kama kisingekuwa na timu. Kama jibu ni hapana, majaribio hayataligeuza. Kama ni ndiyo, amwache aende, na awaeleze waliochanga kule nyumbani kabla hawajasikia kwa wengine. Na kabla kijana hajavaa viatu vya mazoezi, waende pamoja hospitali wapime damu, karatasi ya majibu waipeleke kwa daktari wa timu, na nakala moja wabaki nayo.